Jedwali la Ufuta Lisiloonyesha Kuwa Linasubiri

Jumatatu, 9 Juni 2025. Kilwa Kivinje.

Siku kubwa! Jedwali langu limeingia mtandaoni. Mkulima yuko Likawage, anafungua simu, anaona kama magunia yake ya ufuta yamepokelewa ghalani au yamekataliwa. Kila ukurasa una majina machache; ukitaka mengine unabonyeza "Mbele". Bi Hamida, mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima, kasema mnada wa Alhamisi ukipita salama, mimi ndiye mtu wa mfumo. Kwa barua rasmi! Na kiti cha kuzunguka!

Devota, mwalimu wa kompyuta wa sekondari, naye anaitaka kazi hiyo. Aliniuliza mtandao ukisuasua baada ya mtu kubonyeza "Mbele", anaona nini. Nikamjibu anaona mbele. Wivu tu.

Mchana akapiga simu Mzee Romani wa Likawage. Nikamwamkia shikamoo, marahaba sikuipata. Kabonyeza, majina yote yamefutika, kimebaki kioo cheupe kitupu. "Nikodemo, ufuta wangu umeupeleka wapi?" Nikamwambia asubiri. Akasema anakuja.

Jumanne, 10 Juni.

Kaja kweli. Kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamwonyesha jina lake: yamepokelewa. Akaondoka bila kuniaga.

Dawa nimeipata! Kiduara kinachozunguka pale kwenye weupe, majina yakiwa njiani. Rangi ya dhahabu. Nimekiremba asubuhi nzima.

Kasoro ndogo. Majina yakifutika, ukurasa unajikunja na vitufe vinaruka juu, yakirudi, vinashuka. Bi Hamida alilenga "Mbele", kabonyeza "Ondoka". Karudia, kaondoka tena. Devota akashauri, kwa upole wa kuudhi, majina ya zamani yabaki palepale ila yafifie, na kitufe kifungwe mpaka mapya yafike. Nikamshukuru sana. Nitachukua nusu. Majina yatabaki. Kufifisha ni urembo, na kufunga kitufe ni kumnyima mkulima uhuru wake.

Jumatano, 11 Juni.

Safi! Hakuna weupe, hakuna kuruka. Kiduara nimekitoa, kwa uchungu. Bi Hamida kasema sasa limetulia. Nimepita mbele ya sekondari nikipiga mluzi. Nikarudi nikapita tena, maana Devota alikuwa darasani.

Alhamisi, 12 Juni.

Balaa.

Mama Apolonia, mjane wa Likawage, amelima ufuta peke yake tangu mumewe afariki. Aliambiwa jina lake liko ukurasa wa nne. Kabonyeza "Mbele". Namba ya ukurasa ikageuka nne papo hapo, lakini majina yalikuwa bado ya ukurasa wa tatu, yamekaa imara kama nilivyotaka. Na ukurasa wa tatu una Apolonia mwingine: yamekataliwa, yana unyevu.

Mama wa watu hakuuliza. Akaomba magunia yake ghalani, wakampa. Akayapeleka barabarani kwa mnunuzi wa kangomba, wale wanaonunua nje ya mnada na kupima kwa bakuli lao wenyewe.

Devota ndiye aliyemwona, akaniita. Nilikimbia! Ndala moja ilikatika njiani, nikaiacha. Jamaa ameshika bakuli tayari. Nikalikalia gunia. Akanitukana, sikushuka. Akanivuta shati, sikushuka. Devota akachukua simu ya mama, akaufungua tena ukurasa wa nne, akambembeleza asibonyeze kitu, tungoje. Tukangoja. Majina yakabadilika. Apolonia Iddi: yamepokelewa.

Mama Apolonia akakaa chini kabisa. "Wanangu, mngeniambia tu kwamba bado linatafuta," akasema. "Kusubiri mimi nimezoea."

Nikabeba gunia la kwanza mwenyewe. Tuliyarudisha yote kabla mnada haujaanza.

Ijumaa, 13 Juni.

Bi Hamida kampa Devota kazi. Na kiti. Mimi ni msaidizi wake!

Kalimaliza jedwali kabla ya adhuhuri. Ukibonyeza, majina yanafifia na yanabaki mahali pake, juu panaandikwa "Linatafuta ukurasa wa nne, subiri kidogo." Kitufe kinafungwa. Namba haigeuki mpaka majina yafike. Mtandao ukikata, linasema umekata, na linakupa "Jaribu tena". Hakuna dhahabu popote.

Mzee Romani kapiga simu. Nikajikunyata. Kumbe anataka kusema limekaa vizuri, ameelewa kila kitu. Nikamwambia ahsante kwa niaba ya timu. Nilifurahi kidogo. Niliumia zaidi.

Jumapili, 15 Juni.

Nimepata ufunuo, katikati ya misa!

Sote tumekosea, hata Devota. Tatizo si kusubiri ukurasa. Tatizo ni kurasa zenyewe! Nani alisema lazima ziwepo? Mtu afungue mara moja, aone wakulima wote wa wilaya, wa misimu yote. Na kila mmoja na picha yake. Kubwa. Ya rangi.

Nimemweleza Devota nje ya kanisa. Kasema simu za Likawage zitaganda mpaka mwakani. Kawaida yake, hajawahi kupenda jambo kubwa.

Kesho naanza kupiga picha.