Moshi Nilioutangaza kwa Kipaza Sauti

Leo nimeaibika, na aibu yenyewe nimeiita mwenyewe kwa kipaza sauti.

Kwa wasionijua: naitwa Tumpe, mhamasishaji wa misitu na tabianchi wa kijiji chetu, huku chini ya Mlima Rungwe. Nina kizibao cha kijani, nina mabuti, nina kipaza sauti cha kuning'iniza kifuani. Kazi yangu ni kukagua mpaka wa msitu, kufuatilia miche iliyopona, na kuwaambia watu walionizidi umri wasichome nyasi. Hawanipendi sana. Mimi najipenda. (Nilikuwa najipenda. Tuendelee.)

Asubuhi nimetoka kwangu Bulyaga na bodaboda, nimechelewa, chai sijanywa. Nilikuwa na wageni, akina mama wa kikundi kutoka Masukulu, wamekuja kujifunza habari za jiko banifu. Na jiko la mfano la kijiji kizima liko wapi? Kwa baba yangu. Nilimjengea wiki mbili tu baada ya kumaliza matanga ya mama, miezi mitano iliyopita. Jana nilimpigia simu nikamwambia leo avae shati safi, akae nyumbani, apike chochote wageni waone.

Nimefika. Mzee hayupo.

Mlango wa jikoni umefungwa kwa kamba. Nikampigia, simu ikaita ndani, kitandani kwake. Nikajisemea kaenda kwa jirani, atarudi. Nikafungua kamba, nikaanza somo bila yeye. Nikaeleza jiko linavyokula kuni chache, linavyohifadhi joto, na mama wa nyumbani anavyopumzika kwenda msituni kila siku. "Na kubwa kuliko yote," nikasema, "halitoi moshi." Nililirudia hilo mara tatu, kwa kipaza sauti, ndani ya chumba cha hatua nne.

Kiongozi wao, Mama Neema, mtu mzima wa maneno machache, akaingiza mkono kwenye tundu la kuni hadi kwenye kiwiko. Akautoa. Ulikuwa safi kama ulivyoingia.

"Mwanangu," akasema, "hili jiko linapikiwa lini?"

"Kila siku, mama."

"Na masizi yanakwenda wapi?"

Nikamjibu kwamba hayo ndiyo mambo ya teknolojia. (Mungu anisamehe.) Wenzake wakaangaliana. Nikawatoa nje haraka nikawaonyeshe miche.

Nje ndiyo nikauona. Moshi! Juu kabisa, pale mashamba yetu yanapoishia na msitu unaanza, moshi mwembamba unapanda taratibu. Mvua imekata, hata kwetu huku ambako haikati, na nyasi za mpakani ni kavu tupu. Moto wa msitu huwa unaanza hivyo hivyo, mtu mmoja na kiberiti chake. Moyo ulinienda mbio. Lakini sitawadanganya, nilifurahi pia kidogo. Wageni wamekuja kuona kazi yangu, na kazi imejileta yenyewe.

"Moto mpakani! Moto mpakani! Kila mtu na ndoo!"

Walikuja. Hicho ndicho kinachoniuma, kumbe siku zote wananisikia. Mwenyekiti wa kitongoji aliacha kikao. Vijana waliokuwa wanapakia ndizi waliziacha barabarani. Jirani yetu Ambakisye alikuja na lile bomba la mgongoni la kupulizia viazi dawa, amelijaza maji. Akina mama wa Masukulu walijifunga khanga viunoni wakavunja matawi. Tukajaza ndoo mferejini, tukapanda, mimi mbele.

Njiani nilihutubia. Nilisema kuna sheria ndogo ya kijiji, na wote tuliinyooshea mikono mkutanoni. Nilisema anayewasha moto kiangazi hiki hana uchungu na mtu, na leo atatajwa kwa jina. "Hata akiwa ndugu yangu wa damu," nikasema. (Ndiyo, na hilo nililisema kwa kipaza sauti.)

Tulipofika, moshi ulikuwa unatokea nyuma ya magugu marefu. Mtu hatukumwona. Nikanyoosha mkono kama mkuu wa majeshi.

"Mwageni."

Ndoo zikamwagwa kwa mpigo mmoja. Ambakisye akapenya kwenye magugu akaelekeza bomba palepale kwenye moto. Majivu yakaruka, mvuke ukatanda, na katikati ya mvuke akasimama baba yangu. Amevaa shati safi. Limelowa chepechepe. Mkononi ameshika mwiko.

Alituangalia wote, kijiji kizima na wageni juu. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akasema, "Kalibuni."

Sufuria ilikuwa imelala ubavu, na mbalaga yake, ndizi alizozipika na maharage, inaelea kwenye tope la majivu.

"Ambakisye," mwenyekiti akauliza polepole, "hilo bomba uliliosha?"

"Nililisuuza," Ambakisye akasema, akiangalia chini. "Kidogo."

Basi chakula cha mzee kikawa kimeishia hapo, hata kuku tusingeweza kumpa. Nami nikaangalia chini, maana uso wa baba sikuuweza. Nikaona alikuwa amelima duara zima kuzunguka moto, udongo mtupu, hakuna hata jani moja kavu. Kinga moto safi kuliko zote nilizowahi kufundisha. Katikati ya duara nikaona mawe matatu.

Mafiga ya mama. Nayajua tangu natambaa, moja lina ufa ubavuni. Nilipojenga jiko banifu niliyang'oa kwa mikono yangu nikayatupa nyuma ya migomba. (Nilipiga na picha, kabla na baada. Zilipendwa sana.) Mzee aliyafuata huko, akayapandisha moja moja mpaka huku juu, kwenye shamba la viazi la mama, yeye na magoti yake mabovu.

"Tata," nikamwita, kama tunavyowaita baba zetu huku kwetu, "kwa nini hupiki nyumbani?" Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka kifuani, kwa hiyo swali lilisikika mpaka bondeni. Na jibu pia.

Hakukasirika. Ningeshukuru kama angekasirika.

"Jiko lako suli fijo," akasema, yaani zuri sana, kwa ulimi wake. "Halina moshi. Ila mimi, gwe mwanangu, miaka yote nalima huku juu. Saa sita naangalia chini, naona moshi kwenye paa letu. Najua mama yako yupo, anapika. Nashuka. Sasa naangalia, naona bati tu. Nikasema acha niuwashe mwenyewe."

Nilitafuta swichi ya kipaza sauti, vidole havikuiona.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na kasi." (Kazi, kwa ulimi wa mzee.)

Ni kweli, nilikuwa na kazi. Siku ya mazishi ya mama nilipanga viti, nikagawa sahani, nikawaelekeza vijana pa kuegesha magari. Watu walisema Tumpe ana moyo mgumu, na mimi nikaona ni sifa. Baada ya matanga nikaleta mafundi wa jiko. Nilikuwa naogopa kukaa pale jikoni bila yeye, basi nikapabomoa. Haya siyaandiki kwa fahari. Nimeyajua leo, nimesimama kwenye tope na kizibao changu kinachong'aa.

Nikakaa chini palepale nikalia. Si kile kilio cha kufuta macho na kona ya khanga, kile chenyewe. Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka. (Waliokuwa wamebaki chini wanasema walidhani msitu umeshaungua.) Mama Neema akaja akakizima, akanifunika khanga yake mabegani, akawaambia watu, "Mwacheni alie, alichelewa." Kisha akamwendea baba akampa mkono. "Pole na msiba, baba." Nyuma yake wakaja wenzake wote, mmoja mmoja, kama siku ya matanga, kila mtu na ndoo tupu mkono wa pili. Hata Ambakisye alipanga mstari, bomba mgongoni. Mzee aliitikia pole za wote.

Mwenyekiti alikohoa. Nilijua kinachokuja.

"Sheria ndogo inasema," akaanza, na aibu ilikuwa yake zaidi kuliko ya baba, "anayewasha moto karibu na mpaka kiangazi atafyeka kinga moto siku tatu."

"Hiyo sheria aliiandika nani?" mmoja akauliza.

Wote wakanigeukia. (Niliiandika mimi. Kwa mwandiko mzuri.)

"Nitafyeka," baba akasema. Nikasema hapana, nafyeka mimi. Akasema moto aliuwasha yeye. Nikasema jiko nilijenga mimi. Tulibishana mpaka mwenyekiti akachoka, akatupa adhabu wote wawili.

Tumeshuka na mafiga, moja kabeba mwenyekiti, moja kabeba Mama Neema, lile la ufa nimelibeba mimi. Nyumbani nikamuuliza mzee yakae wapi. Tangu mama aondoke hiyo ndiyo mara ya kwanza namuuliza mzee kitu chochote. Alifikiri sana, kisha akaonyesha pembeni mwa jiko, karibu na dirisha.

Kesho saa moja asubuhi tupo mpakani, mimi na yeye. Wanaotaka kunicheka waje huko na mafyekeo yao, watanikuta. Leo naomba mniache. Leo ndiyo nimefiwa.