Wiki ya Kumkumbusha Kiberiti Ukali Wake

Jumatatu, 4 Machi

Saisi mkuu, yule kiongozi wa watunza farasi, anastaafu. Magoti yamekataa. Asubuhi bosi ametutangazia mbele ya banda la farasi kwamba nafasi yake itakwenda kwa mmoja kati ya wawili: binti yangu, au Nyundo Mdogo, mtoto wa fundi wa kwato. Uamuzi ni Jumamosi, siku ambayo wazazi wa wanafunzi wa kupanda farasi wanakuja kutazama. Na anayepata kazi anapata nyumba ya getini. Ina bomba ndani. Ndani! Mimi ninayefua mablanketi ya farasi nje, jua langu na mvua yangu, tangu binti yangu anatambaa. Tayari najua kabati litakaa wapi.

Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nani hajui kwamba binti yangu ndiye aliyemtuliza Kiberiti? Farasi aliyemvunja saisi mkuu ubavu. Farasi aliyemrarulia daktari wa mifugo suruali, mtu mzima akaondoka kajifunika gazeti. Alikuwa akiona shuka limeanikwa anaruka uzio. Leo watoto wanampanda huku kafumba macho. Hayo yote nimeyasema bombani, kwa sauti ya kawaida tu. Ila bomba liko karibu na ofisi ya bosi.

Mama Nyundo alikuwa anasubiri zamu yake ya maji. Akasema, shoga yangu, yule hakutulizwa na mtu, kazeeka tu. Akasema hata mume wake zamani alikuwa anarusha sahani, siku hizi anauliza ndara zake ziko wapi na anasema asante. Au na yeye katulizwa na binti yako? Watu wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Bosi akatoa kichwa dirishani, akasema hapo kuna ukweli.

Hapo kuna ukweli. Nimefua kwa hasira siku nzima. Yametoka meupe hata mablanketi ambayo yalizaliwa ya kijivu.

Nimefikiri sana. Tatizo watu wamesahau. Farasi akionekana mpole, binti yangu atasemwa katuliza nini? Kwa hiyo Kiberiti akumbushwe ukali wake. Kidogo tu. Jumamosi, mbele ya wageni, arushe mateke mawili matatu, halafu binti yangu aingie taratibu amshike shingo, basi. Nitatafuta dawa yake wiki hii. Binti simwambii. Hana kifua cha mambo kama haya.

Jumanne, 5 Machi

Jaribio la kelele. Zamani mwiko ukianguka jikoni, Kiberiti anapiga mlango teke. Nikachukua beseni la bati na mwiko mkubwa, nikajibanza nyuma ya chumba chake, nikapiga kama kuna moto. Kuku wakatawanyika. Farasi wadogo wakaanza kuzunguka. Mpishi akatoka mbio na ndoo ya maji akiuliza moto uko wapi. Nikachungulia kwenye upenyo.

Kiberiti amesimama, mguu mmoja wa nyuma kaupumzisha, mdomo wa chini unaning'inia kama soksi. Sikio moja likageukia nilipo. Likanisikiliza kidogo. Likarudi lilikotoka.

Saisi mkuu akaja akichechemea, akaniuliza, Mama Povu, unaumwa? Nikamwambia nalipima beseni kama lina ufa. Akalitazama. Akasema sasa linao.

Jumatano, 6 Machi

Shuka. Hilo ndilo lilikuwa jambo lake. Nikachukua shuka bichi, kubwa, nikalipeperusha mbele ya pua yake mpaka mabega yakaniuma. Alilinusa. Akachagua kona, akaanza kutafuna. Tumevutana. Ameshinda yeye. Lilikuwa shuka la mke wa bosi.

Nikaona nimjaribu kwa maneno. Nikahakikisha hakuna mtu, nikamwambia usoni kwamba kwisha habari yake, kwamba amekuwa kochi, kwamba punda wa muuza mkaa ana moyo kumzidi. Akapiga hatua moja, akaniwekea kichwa begani. Kizito kama gunia la mchele. Kuna mvi zimemzunguka macho, sikuwahi kuziona. Nilimkuna kidogo nyuma ya sikio, kwa sababu tu mkono ulikuwa upo pale pale.

Jioni nikamuuliza binti yangu, kwa mbali, ni nini hasa kilichomtuliza yule mnyama. Akasema hajamfanya chochote cha ajabu, mama. Kila alfajiri anaingia na koti lile lile, anapitia mlango ule ule, anatundika ile ndoo ya bluu upande wa kushoto. Akimaliza kula anapigwa brashi, akimaliza brashi wanatembea. Akasema miaka ilimpunguzia mbio, na mazoea yakampunguzia woga, kwa sababu kumbe ukali wake wote ulikuwa woga. Sasa hana cha kuogopa maana anajua kila kitu kitakachofuata.

Nikamwambia maneno hayo asithubutu kuyasema mbele ya watu. Ndoo na koti! Mtu anapewa nyumba yenye bomba kwa ajili ya ndoo na koti? Unyenyekevu huu kautoa kwa baba yake. Mimi sina.

Alhamisi, 7 Machi

Chakula. Niliwahi kumsikia saisi mkuu akisema farasi kijana akila shayiri nyingi, damu inamchemka. Nikachemsha shayiri sufuria nzima, nikatia sukari yangu ya chai, nikampelekea mchana ikiwa vuguvugu. Alikula yote. Alilamba na sufuria. Akanitazama kwa upendo mkubwa.

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nasubiri damu ichemke.

Kilichochemka ni tumbo. Na ilikuwa siku yake ya kukaguliwa kwato. Fundi amemwinamia mguu wa nyuma, Nyundo Mdogo kashika vifaa, mara likatoka jambo ambalo siwezi kuliandika. Refu. Lenye mwanzo na katikati. Fundi aliweka nyundo chini, akamgeukia mwanawe, akamwambia angalau angetoka nje. Kijana akaapa si yeye. Mama Nyundo akaja kumtetea mwanawe, akafika mlangoni, akarudi bila kumtetea.

Hilo limenifurahisha kwa kiasi chake. Ila Kiberiti mwenyewe alilala usingizi wa mtoto.

Jioni bombani Mama Nyundo akanishika mkono, kwa huruma ya uongo, akaniambia nisihangaike na nyumba ya getini, mwanawe akiipata nitakuwa napita kuchota maji. Kwa ruhusa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeacha. Naandika kwa moyo mweupe: nimeacha hila zote. Mnyama kakataa kuwa mkali, nifanye nini? Kuanzia sasa mimi ni mama anayemwandaa mwanawe kwa njia safi, kwa sabuni na maji.

Nimekagua banda kwa macho ya mgeni. Jambo la kwanza unaloliona ni ile ndoo ya bluu. Aibu tupu. Mpini umefungwa kwa waya, mdomo umetafunwa. Nimeiondoa, nitaitumia kuloweka soksi za bosi. Nimemwekea Kiberiti ndoo mpya ya njano, nimeitundika kulia, maana kulia ndiko inapendeza ukitokea getini.

Halafu koti la binti yangu. Likiwekwa kitini, hapakai mtu kwa harufu ya farasi. Nimelifua mara mbili kwa sabuni ya waridi ambayo nilikuwa naitunza kwa ajili ya harusi yake. Linanukia mpaka njiani. Na nimemwambia kesho alfajiri asiingie bandani, akae nimsuke nywele. Alikataa. Nikamwambia basi, nimekuzaa kwa uchungu ili uje unikatalie kitu kidogo kama hicho. Akakubali. Saisi mkuu atamlisha Kiberiti kwa niaba yake.

Sijawahi kulala na dhamiri safi namna hii.

Jumamosi, 9 Machi

Bado sijabadili nguo. Naandika hivyo hivyo.

Wageni walijaa uwanjani tangu mapema. Nywele za binti zilikuwa zinameta. Mimi nilikuwa bombani na soksi zangu nikaanza kusikia mlango wa Kiberiti: du. Halafu du. Saisi mkuu akatoka bandani kinyumenyume, bila kofia, anasema hakula, hajagusa, anaitazama ile ndoo kama nyoka. Halafu mlango ukatoka wote na bawaba zake.

Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Singa zimesimama, macho yanawaka, meno nje. Alizunguka uwanja kama ana miaka mitatu. Alikula kofia ya bosi, yote. Ndoo ya njano aliipiga teke ikaenda kutua juu ya bati la ofisi. Nyundo Mdogo alijitahidi, sitasema uongo, alimkimbilia na kamba. Dakika si nyingi nikamwona yuko juu ya tangi la maji, kamba kaiacha chini. Mama yake alikuwa anamwelekeza ashuke vipi, akirudi kinyumenyume, mpaka akakaa ndani ya hori la kunyweshea farasi. Lilijaa.

Nilisimama juu ya jiwe la kufulia nikawaambia wageni mnaona sasa? Mnaona? Nani kasema huyu kazeeka? Mama Nyundo, njoo useme tena. Hakuweza kuja, hori ni dogo.

Ndipo binti yangu akaingia uwanjani. Taratibu, kama nilivyoota. Kanyoosha mkono. Kiberiti akasimama, akavuta hewa. Ile sabuni ya waridi. Akalaza masikio nyuma kabisa, akamwonyesha meno mwanangu, meno yote, akainua miguu ya mbele.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka niko katikati yao, nimepiga mayowe, na mkononi nina kitu. Nilifunga macho. Nikawaza, ubavu si kitu, binti atauguza.

Teke halikuja. Nikafumbua jicho moja. Kiberiti kaingiza kichwa kizima kwenye ndoo ya bluu, anapumua kwa nguvu, anatafuna soksi ya bosi.

Binti yangu akavua lile koti akalitupa mbali. Akanipokonya ndoo bila kuniangalia. Akamwaga maji, akatia pumba, akaingia bandani akaitundika kushoto, kwenye msumari wake. Hakupaza sauti, hakushika kamba. Kiberiti akamfuata mwenyewe, kichwa chini, kama mzee aliyepotea sokoni kisha akamwona wa kwao. Akala. Akapigwa brashi. Halafu wakatoka wote wawili wakaanza kutembea njia yao ya kila siku, kupita kwa wageni, na mdomo wa chini ukaanza kuning'inia tena.

Bosi, kichwa wazi, akamgeukia Mama Nyundo aliyekuwa anakamuliwa gauni. Akasema, jana alikuwa mzee, leo asubuhi akawa kijana, sasa hivi mzee tena. Kwa hiyo si umri peke yake. Kuna mtu anamshikia uzee wake. Nyundo Mdogo akasema kutoka juu ya tangi, bosi, mpe dada yule kazi, mimi niachie wale wadogo, lakini kwanza nileteeni ngazi. Mama yake alimtazama kwa jicho ambalo namwombea kijana aliepushwe nalo.

Kapewa! Nyumba, bomba na vyote.

Halafu bosi akauliza nani alihamisha ndoo. Wote wakanigeukia, hata kuku. Binti yangu akasema kwa upole, mama yangu, alitaka papendeze. Bosi akatoa amri papo hapo: Mama Povu asivuke mlango wa banda, leo wala kesho, wala akifufuka.

Jumapili, 10 Machi

Tumehamia. Kabati limekaa pale pale niliposema. Bomba la ndani nimelifungua na kulifunga mpaka binti akaniomba nipumzike.

Waliobeba vyombo waliweka kiti changu upande wa kulia wa mlango. Chai sikuigusa. Si kwamba mimi ni mtu wa kushikilia vitu, ila nilisukuma meza, nikawagombeza wabebaji, nikasema narudi chumba cha zamani. Binti akakihamishia kiti kushoto, akanimiminia chai kwenye kikombe changu kilichovunjika mkono. Nikatulia. Akawa ananitazama huku anatabasamu. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema hakuna, mama.

Mchana nilikwenda bomba la nje, ingawa sina shida nalo tena. Nimewaeleza wote kwamba jambo la jana nililipanga tangu mwanzo, hatua kwa hatua. Mama Nyundo akapiga chafya. Ana mafua. Nimemkaribisha kuchota maji kwetu, wakati wowote, kwa ruhusa.

Na sasa niandike hili haraka kabla binti hajarudi. Ile ndoo ya bluu wameileta ioshwe. Bosi kanikataza mlango wa banda, ndoo hakuitaja. Kwa kweli imechoka, na sasa ni ndoo ya saisi mkuu, lazima ifanane na cheo. Nimetoa ule waya. Nimeipaka rangi nyekundu, mara mbili, inang'aa kama gari jipya. Kesho alfajiri, kabla hajaamka, nitanyoosha mkono kupitia dirishani na kuitundika mwenyewe, pale pale kushoto, sijasahau.

Mwanangu atashangaa.