Mume Wetu Mmoja, Rangi Mbili

Kwa Fundi Picha Inosenti,
Karatu Mjini.

Mwanangu, marahaba, shikamoo yako najua ilikuwa njiani. Mimi ni mke mkubwa wa marehemu Tobiko, huku Endulen. Shule sikwenda. Naongea, mkwe wangu Nasieku anaandika, na nimemkataza kunipunguzia ukali.

Tulikuletea picha ya mume wetu, nyeusi na nyeupe, amesimama na dume lake la ng'ombe, la kijivu, utoe nakala mbili: moja yangu, moja ya mke mwenzangu Seenoi. Malalamiko ni haya:

1. Tobiko wa Seenoi ametoka mweusi, kama alivyokuwa. Wangu ametoka kijani, yeye na dume lake. Sijawahi kuolewa na mtu wa kijani.

2. Nasikia weusi huo printa yako inaupika kwa kuchanganya wino wa rangi, na karatasi ilipoisha ukaweka ya aina nyingine bila kuirekebisha mashine. Mwanangu, hata maziwa ukibadilisha kibuyu unaonja kwanza!

3. Tobiko akichinja, nyama ilifika sawa nyumba zote mbili. Akinunua shuka, alinunua mbili. Maisha yake yote hakumpendelea mtu hadharani. Leo hayupo, printa inampendelea Seenoi.

4. Wageni wanaanza kwangu, kama desturi. Wanaangalia ukutani, wananiuliza aliugua nini. Kisha chai wanakwenda kunywa kwa Seenoi.

Kwa heshima zote, naomba uichape upya kwa wino mweusi mtupu. Ukishindwa, dume lenyewe bado liko hai: nitalileta hadi mlangoni pako, uchape, ulinganishe na ubavu wake, uchape tena. Getini kwa walinzi wa hifadhi nitajieleza mwenyewe. Ukishindwa na hapo, lete printa bomani, wazee waikalishe chini.

Nisalimie mkeo, watoto, mama yako Penina, na wote wanaopiga picha hapo leo. Waambie wajiangalie vizuri kabla ya kuondoka.

Mama yako mwenye hasira,
Nailantei, nyumba kubwa.

Nyongeza: Seenoi ameingia sasa hivi na picha yake. Kwake weusi umemeza mdomo wote, pengo la meno ya chini halionekani, na Tobiko bila pengo lile si Tobiko. Kwangu, pamoja na ukijani wake, pengo lipo, na anacheka. Seenoi amelia, nami nikalia. Anataka tubadilishane. Thubutu! Printa usiiguse kabisa. Mchapie na mwenzangu Tobiko wa kijani.