Kaboni Haipigi Kelele

Jamani, leo nimeaibika mbele ya masufuria ya watu. Nawaandikia nikiwa nimesimama. Mwenye duka hili la kompyuta, hapa Saint-Josse, Bruxelles, ameniletea kiti mara mbili, nami nimekikataa mara mbili. Sababu mtaijua.

Kuna Maman Neema. Sikuwahi kuwatajia (naogopa kijicho chenu). Ni mjane kutoka Uvira, anahudumia wagonjwa katika hospitali moja kule Woluwe, na akicheka hata tramu inapunguza mwendo. Juzi nilimwomba tuwe tunatembeleana rasmi. Akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Papa Rama, wewe uko muntu wa kupita. Leo Bruxelles, kesho Lyon, kesho kutwa unalilia Bujumbura. Dimanche tuko na pique-nique Laeken. Ukuye à midi, hapana à quatorze heures. Na ulete soda. Alors nitaona kama unaweza kutulia."

Jumapili yenyewe ndiyo leo, na saa yenyewe ni sita mchana, si saa nane.

Sasa, baiskeli. Jirani yangu wa ghorofa ya juu, Monsieur Luc, mzee aliyestaafu, amenipa baiskeli yake ya mashindano kwa kuwa magoti yamemgomea. Nyepesi mno! Unaiinua kwa kidole. Bomba linaloshika kiti si la chuma, ni la nyuzi za kaboni, jeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Aliponikabidhi alinipa na somo, kwa Kifaransa chake cha polepole:

"Nati uzikaze taratibu, Rama, na usifunge mzigo hapa. Chuma kikichoka kinapinda, kinalia, kinakuaga. Kaboni haipigi kelele. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, shuka utembee."

Nikaitikia "oui, oui" (kama mtoto anayeambiwa anawe mikono). Mimi! Mimi niliyeshusha mikungu ya ndizi kutoka milimani hadi soko la Bujumbura, breki zangu zikiwa kandambili! Nifundishwe baiskeli na mtu ambaye hajawahi kubeba hata kuku?

Basi leo asubuhi nikafunga keria, ile ya kubana, kwenye bomba hilohilo. Nati nikazikaza kwa mtindo wa mtaani kwetu Buyenzi, Bujumbura: unachomeka kipande cha bomba kwenye spana ili mkono uwe mrefu, unakaza mpaka jasho litoke, halafu unaongeza kidogo kwa ajili ya amani ya moyo. Juu nikaweka kreti ya soda. Nikavaa suruali ya kaki niliyoipiga pasi jana. Nikaondoka nikipiga mluzi.

Barabara za mawe za hapa zinajulikana. Kreti ikawa inacheza rumba nyuma yangu. Karibu na Laeken nikasimama kuifunga upya, ndipo nikauona. Ufa. Chini kidogo ya keria, mwembamba kama unywele.

Shuka utembee, alisema mzee. Lakini nikitembea nitachelewa, na nikichelewa mimi ni mtu wa kupita! Nikatoa ukanda niliokata kwenye tyubu kuukuu (natembea nao mfukoni, msiniulize), nikaliviringisha lile bomba kama mguu wa mgonjwa, nikavuta kwa meno. Kwetu dawa hiyo imeponya baiskeli za mtaa mzima. Nikapanda tena.

Nikafika kabla ya wakati! Mikeka imetandikwa, vyakula vimepangwa kwenye nyasi. Maman Neema akaangalia saa, akaangalia soda, akatabasamu. Jamani, lile tabasamu! Ningeishia hapo.

Lakini Tonton Déo, mzee wetu mwenye tumbo na maneno, akaigonga baiskeli kwa mwiko.

"Eh, Rama! Hii velo ya plastiki, ni ya mutoto wa nani?"

Watu wakacheka. Maman Neema naye akacheka. Hapo ndipo nilipoharibika.

"Plastiki? Tonton, ndege zinatengenezwa kwa vitu hivi!"

"Bon. Basi ruka tuone."

Nikashusha kreti. Nikarudi nyuma, nikakimbia na baiskeli, nikajirusha juu ya kiti kama nilivyokuwa nikijirusha ujanani wasichana wakitoka shule.

Kaboni haikupiga kelele. Nilipiga mimi.

Kiti kikaenda kushoto. Baiskeli ikaenda kuusalimia mti. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye beseni la sombe. Nikakaa humo, suruali imechanika nyuma, majani ya muhogo hadi kwenye kola.

"Sombe yangu!" akalia mwenye beseni. (Hakuna aliyelia kwa ajili yangu.)

"Alors," akasema Tonton Déo, "ndege imetua."

Nilitaka kuinuka nikimbie, lakini huku nyuma kuliwaka kama nimekalia upupu. Lile bomba lililopasuka lilikuwa limeniachia miiba myeusi, myembamba, kwenye... tuseme paja. Upande wa nyuma. Juu sana.

"Nani hapa anatumika hôpital?" mtu akauliza.

Wote wakamgeukia Maman Neema. Nikaomba ardhi ipasuke. Haikupasuka (ardhi si kaboni).

Akina mama wakashika vitenge, wakanijengea chumba katikati ya bustani. Nikalala kifudifudi juu ya mkeka. Akanawa mikono, akatoa mkobani kile kikoleo chake cha kung'olea nyusi.

"Maman Neema, tafadhali, acha niende tu nyumbani..."

"Tulia! Matako ya wazee yote ya Woluwe nimekwisha kuona. Yako iko na nini ya pekee?"

Nje ya vitenge Tonton Déo alikuwa akitangaza kila mwiba unaotoka, na watu wakishangilia kama wanaangalia mpira.

Sijawahi kutulia hivyo maishani. Mwisho akanifunga kitenge chake kiunoni, akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni, kama siku ile.

"Bon. Velo haina kiti, suruali haina nyuma. Sasa utapita uende wapi?"

"Siendi popote," nikasema.

"Donc kesho ulete kitenge kwangu. Umekifula na sabuni. Na ukuye na miguu."

Kwangu! Mmesikia? Amesema kwangu!

Nimerudi kwa tramu, kitenge cha maua kiunoni, baiskeli bila kiti mkononi. Monsieur Luc alikuwa mlangoni. Akaitazama baiskeli, akakitazama kitenge, akanishikia mlango. Kimya kama kaboni yenyewe.

Haya, mlioko Kigoma, Nairobi na Montréal, msicheke sana. Ninyi mnasoma haya mmekaa.