Jinsi Kyule wa Umoja Alivyoikomboa Sufuria ya Mama Yake kutoka Tena

Sogeeni, enyi wapangaji wa Umoja, ninyi ambao madirisha yenu yanatazamana na madirisha ya wenzenu. Acheni nguo zilowe, punguzeni redio, mnisikilize. Nawasimulia habari ya Kyule mwana wa Kavinya, Kyule karani wa ghala la misumari, Kyule aliyekula mkate mkavu wiki saba bila kuwasha jiko, na namna alivyoondoka kwake Jumamosi asubuhi akaenda hadi mtaa wa Tena kuikomboa sufuria. Sitaongeza neno. Nilikuwapo, nami si mtu wa kupamba.

Sufuria yenyewe ilikuwa kubwa, ya kupikia watu kumi na wawili, imebonyea ubavuni, na chini yake herufi za Kavinya zimechorwa kwa msumari. Kavinya aliinunua Mwingi kabla Kyule hajazaliwa, akampa Kyule alipokuja Nairobi kutafuta kazi. Mwaka jana Kyule aliipeleka Tena kwa mpenzi wake Wacuka, siku wanawake wa chama chake cha akiba walipokwenda kula kwake, na huko ikakaa. Kisha Wacuka akamwacha Kyule, na sufuria ikabaki ugenini kama mateka wa vita.

Sababu ya kuachwa ni fupi. Wacuka, binti mwenye neno moja, alimuuliza ni lini atakwenda Murang'a kujionyesha kwa wazazi wake, naye akajibu, "Tutaona." Akamuuliza tena baada ya Krismasi, akajibu vilevile. Mara ya tatu hakuuliza. Alimfungia mashati mawili, chaja na soksi moja katika mfuko wa kaki, akampelekea kazini.

Lakini sufuria hakuirudisha, na juu ya jambo hilo Kyule alijenga ngome nzima ya matumaini. Alisema mwanamke anayekurudishia hata soksi moja, akabaki na sufuria, bado ana neno moyoni. Mimi Kiilu, ninayeshona viatu chini ya ngazi za nyumba yao, nilimwambia ni mjinga. Hakunisikia. Alisema nitaona.

Ndipo Alhamisi simu ikalia. Kavinya alisema anakuja Jumamosi, amebeba muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, na kwamba atayapika na maharagwe katika sufuria yake mwenyewe, basi ioshwe. Akaongeza kuwa angependa kumsalimu Wacuka. Wiki saba zote mwanawe hakuwa amemwambia kuwa wameachana. Akaulizwa kama Wacuka atakuwapo, na shujaa wetu akajibu alivyozoea kujibu.

Jumamosi saa tatu alishuka ngazi, amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi hadi kola inasimama peke yake. Aliniomba twende wote, kwa kuwa kwetu Ukambani mtu haendi nyumbani kwa watu kwa jambo zito bila mzee. Mzee aliyekuwapo ni mimi. Nikafunga sanduku langu la gundi na sindano, tukaondoka, jeshi la watu wawili, mmoja akiwa na goti bovu.

Sitawachosha na safari. Tuliruka maji machafu yenye upana wa kutisha, tukapita karai la viazi ambapo Kyule alisimama akafumba macho, maana hapo ndipo walipokuwa wakinunua bajia Ijumaa, nikamsukuma mgongoni akaendelea.

Langoni alisimama Okinyi mlinzi, bwana wa kitabu cha wageni, ambaye hajapata kushindwa na mgeni yeyote. Zamani alimwita Kyule shemeji na kumpitisha kwa kidole. Siku hiyo alifungua kitabu, akaweka kalamu katikati.

"Ndugu, andika."

"Okinyi, si unanijua?"

"Nilikujua ukiwa shemeji. Sasa wewe ni mgeni. Jina, kitambulisho, nyumba, sababu ya kuja."

Kyule aliandika jina. Aliandika kitambulisho. Alipofika kwenye sababu, kalamu ikasimama, na hapo, enyi wasikilizaji, palipiganwa vita ambavyo hakuna aliyevipigia ngoma. Muuza maziwa alifika, akaandika, akaingia, akatoka. Okinyi alisema kwa upole kwamba nafasi ni ndogo, neno moja linatosha. Kyule alifuta jasho, akaandika: *Sufuria.*

Tukapanda hadi ghorofa ya tatu. Mlango ulifunguliwa na Wacuka mwenyewe, kitambaa kichwani, mikono ina povu. Alinisalimu kwanza, kama inavyopasa, akanipa kiti na chai. Kyule alibaki wima mlangoni, akavuta pumzi, akatoa hotuba aliyoikariri siku mbili.

"Wacuka binti ya watu, sikuja kwa ugomvi. Nimekuja kwa ajili ya chombo cha mama yangu, kilichokaa hapa siku nyingi. Na kama kimekaa kwa sababu ya neno lililobaki kati yetu, basi neno hilo lisemwe leo, mbele ya mzee Kiilu."

Wacuka akajifuta mikono.

"Kyule, ulidhani nimeificha ili urudi?"

Kyule akanitazama mimi, mzee wake.

"Iko juu ya kabati. Imenitesa wiki saba. Nikiirudisha tupu, mama yako atasema sikulelewa. Nikiweka chakula, wewe utasema nakuita. Niambie, ningefanya nini?"

Ngome ikaanguka. Nimewaona wanaume wakipigwa mbele ya baa nyingi za Umoja, lakini sijamwona mwingine aliyepigwa vile akabaki amesimama. Maana alichosema Wacuka kilikuwa kweli tupu: chombo cha mtu hakirudishwi kikavu, si kwetu, si kwao, wala si katika fleti za Tena. Tabia njema tu ndiyo iliyoishika sufuria ile, na mapenzi hayakuwamo.

Akaishusha, akaipangusa vumbi, akauliza kwa sauti ya chini, "Na mama umemwambia nini?"

"Bado. Anakuja leo."

"Basi ataniulizia. Utamwambia nini?"

Nililiona lile neno lake, "Tutaona," likipanda. Lilitoka tumboni, likapita kifuani, likafika kooni, nami nikaweka kikombe chini kwa sababu nilijua likitoka tumeshindwa. Kyule alifungua mdomo. Akaufunga. Akalimeza, na lilionekana kubwa.

"Nitamwambia tumeachana. Nitamwambia kabla hajakaa. Na kwamba kosa lilikuwa langu."

Wacuka akaingia jikoni. Alirudi na viazi, akavipanga katika sufuria kimoja kimoja.

"Hivi ni vya mama, si vyako. Mwambie namsalimu."

"Mama haweki viazi kwenye muthokoi," Kyule akasema.

"Najua. Uliniambia kila Jumapili."

Akacheka kidogo, naye Kyule akacheka kidogo, na hapo yakaisha. Hakuomba. Hakulia. Alishuka ngazi sufuria ikiwa mikononi kama ngao iliyotekwa, na langoni Okinyi akahesabu viazi kwa sababu kila kinachotoka lazima kiandikwe.

Kavinya alifika saa nane, kiroba begani. Kabla hajakaa, Kyule alisema yote, amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua tangu mwezi jana," akasema. "Ulianza kunipigia simu kila jioni."

Kisha akaigeuza sufuria, akapitisha kidole juu ya herufi zake, akaomba kisu. Mwanamke huyo, ambaye miaka yake yote hajawahi kuruhusu kiazi kikutane na muthokoi, alivimenya vyote akavitia, na jiko lililozimwa wiki saba likawashwa. Kyule alikula sahani tatu. Mimi nilikula mbili, maana nami nilipigana.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na wajukuu wa Umoja na waijue siku hiyo. Mwenye shaka aende langoni Tena, afungue kitabu cha wageni, ukurasa wenye duara la kikombe cha chai. Atakuta jina la Kyule, na sababu yake ya kuja, na pembeni, kwa mwandiko wa Okinyi: *Ametoka saa tano na nusu. Sufuria moja, viazi saba. Amepata.*