Mzima kwa Maana ya Kwanza

Ofisi ya Kuondoka kwa Utaratibu, yenye makao yake mtaa wa Yoba mjini Gitega, ilikuwa na furaha kubwa kuutangazia umma kwamba, kuanzia siku hiyo, mwananchi yeyote mwenye nia ya kwenda kusoma nje ya nchi angepokelewa, angesubirishwa na angerudishwa nyumbani kwa Kiswahili fasaha.

Tangazo hilo alilisoma Bwana Longino mwenyewe, mkuu wa ofisi, akiwa amesimama kwenye ngazi na tai yake ya sikukuu. Walimpigia makofi watu wawili: Theodosia, katibu wake, ambaye ilikuwa kazi yake, na Bashizi, Mkongo wa Bukavu mwenye mashine ya fotokopi chini ya mwavuli ng'ambo ya barabara. Bashizi alipiga kwa nguvu. Alijua kwamba ofisi ikipata lugha mpya, karatasi zinaongezeka.

Wivu wa watu haukukosekana, lakini cheo hicho Bwana Longino alikistahili. Wakubwa walipouliza nani anajua Kiswahili, yeye peke yake ndiye aliyenyoosha mkono, na wakubwa hawakuuliza swali la pili. Isitoshe, ofisi ilikuwa na kamusi, na ufunguo wa kabati la kamusi alikuwa nao yeye.

Mwananchi wa kwanza kufaidika alikuwa Jeska, binti wa Mwakiro kule Muyinga. Alikulia kambini Tanzania, akarudi na wazazi wake amani iliporejea, na alirudi na Kiswahili kilichonyooka na adabu ambayo ofisi haikuwa imejiandaa kuipokea.

"Shikamoo, mzee," alisema mlangoni.

Bwana Longino alijua kwamba neno hilo ni la heshima, na alilipenda mara moja. Jibu lake ndilo hakulijua. "Merci," alisema. "Na wewe pia."

Jeska alieleza shida yake akiwa amesimama. Amepata nafasi katika chuo cha wakunga kule Kahama. Masomo yanaanza Jumatatu ya wiki ijayo, na asiyefika siku hiyo nafasi yake anapewa mwingine. Ameambiwa apate viza ya mwanafunzi. Ili apate viza awe na bima ya afya. Na ili apate bima apimwe na daktari. Daktari wa Muyinga amempima na cheti amekuja nacho.

"Hapa dossier iko inaonyesha we ni rapatriée," alisema Bwana Longino. "Ulikuwa Tanzania, ukarudi. Sasa unataka kwenda Tanzania. Donc, ulirudi ao hukurudi?"

"Nilirudi, mzee. Nitakwenda kusoma, halafu nitarudi tena."

"Kurudi mara mbili." Bwana Longino alitikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa shati lenye mikono mitatu. "Tutaangalia kama iko inaruhusiwa. Na kwa nini ukunga? Kuna comptabilité, kuandika hesabu, ni kazi ya kukaa."

Jeska aliangalia viatu vyake. "Wifi yangu alijifungulia njiani, mzee, tukimpeleka kwenye kituo cha afya na baiskeli. Aliyekuwa anasukuma baiskeli ni mimi. Mtoto hakulia, na mimi sikujua la kufanya."

Bwana Longino alimsikitikia kwa dhati. Ilikuwa bado asubuhi, na masikitiko yaliruhusiwa mpaka saa sita. Kisha akasoma cheti: *Nimempima Jeska. Nimemkuta mzima.*

Akakisoma tena. Akaenda kabatini, akalifungua, akatoa kamusi, akaibeba mezani kwa mikono miwili.

"Mzima," alisoma. "Moja: mtu aliyekomaa, asiye mtoto wala kijana." Kidole gumba chake kilikuwa kimelala juu ya mbili. "Mwanangu, hapa kuna tatizo. Bima ya mwanafunzi ni ya vijana. Daktari anasema we ni mtu mzima. Watu wazima wako na bima yao, na ile bima haizai viza ya mwanafunzi."

"Mzee, samahani. Mzima hapo maana yake sina ugonjwa."

"Hiyo ni maana ya pili."

"Lakini ndiyo aliyokusudia daktari."

"Ofisi inatumia maana ya kwanza," alisema Bwana Longino kwa upole. "Tukikubali ya pili, kesho mtu ataleta ya tatu. Vumilia, mwanangu. Ni utaratibu tu."

Theodosia aliinua kichwa kutoka kwenye mashine yake ya kuandikia. "Shefu, si arudi kwa daktari, amwandikie kwamba si mzima?"

"Voilà," alisema Bwana Longino, na akajivunia kuwa na wafanyakazi wabunifu.

Jeska alirudi Muyinga. Cheti cha kwanza kilibaki kabatini chini ya kamusi, kwa sababu karatasi ikiingia katika ofisi ile haitoki. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha alipoona Jeska hacheki, aliandika: *Jeska si mzima.* Akagonga muhuri, akafunga chumba na kwenda kwenye mkutano wa madaktari Ngozi, ambako angekaa wiki nzima.

Wiki ilikuwa imeshafika katikati Jeska aliposimama tena Yoba. Bima aliipata papo hapo. Bwana Longino alitia saini kwa kalamu ya kijani, akampongeza, akamwambia aende sasa dawati la viza. Dawati la viza lilikuwa lilelile, ila Bwana Longino aligeuza kiti.

"Ndiyo, mwanangu, nikusaidie nini?" aliuliza kutoka upande wa pili.

"Ni mimi, mzee. Viza."

Alisoma cheti kwa macho ya dawati la viza, ambayo ni makali zaidi. "Hapa wanasema si mzima."

"Mzee ndiye aliyesema kiandikwe hivyo."

"Ile ilikuwa bima. Asiye mzima ni mtoto. Unaona? Na waraka wangu namba mbili unasema: asiye mzima asisafiri nje ya nchi bila mlezi aliye mzima, mwenye cheti cha daktari kinachosema hivyo kwa Kiswahili."

"Mama yangu ni mzima."

"Iko na cheti?"

Mama yake hakuwa na cheti, na daktari alikuwa Ngozi. Jeska alikwenda akakaa kwenye benchi lililo nje ya mlango, akaweka mfuko wake wa viazi vitamu magotini. Hakulia. Bwana Longino alimwona kupitia dirishani, na kwa kuwa saa sita ilikuwa imepita, alishusha pazia.

Bashizi alivuka barabara kuja kumwangalia.

"Dada, ile siku ulikuja hapa uko mutu mukubwa," alisema. "Leo wamekufanya mutoto. Ile ofisi inarudisha watu nyuma kweli-kweli! We baki hapo mpaka kesho, utaanza kunyonya."

Jeska alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu aje Gitega. "Usinichekeshe, kaka. Jumatatu itanipita."

"Mi nitakutolea fotokopi ya sura yako, ikuje ikae hapa, we utoroke."

"Sitatoroka. Nikitoroka nitarudije?"

Basi akaendelea kukaa.

Alhamisi asubuhi Bwana Longino alipokea habari njema. Alialikwa kwenye mafunzo ya Kiswahili cha ofisini, Mwanza, wiki mbili, hoteli yenye kuona ziwa. Kufikia saa nne Yoba nzima ilikuwa inajua. Mke wake, Josefina, alikuwa ameshapiga pasi mashati, na jirani mmoja alikuwa ameagiza sangara mkavu.

"Félicitations, shefu," alisema Theodosia, akisoma mwaliko. Theodosia alikuwa mtu wa kusoma mpaka mwisho. "Ila hapa wanaandika 'wanafunzi wa semina'. Donc shefu ni mwanafunzi."

"Ni kweli," alikiri Bwana Longino, na kwa dakika chache akajisikia kijana.

"Mwanafunzi anaondoka na bima ya mwanafunzi."

"Nipe hiyo karatasi."

"Na bima ya mwanafunzi haipewi mtu mzima."

Jambo hilo halikumsumbua. Alikuwa na rafiki daktari hapo hapo Gitega, na simu moja ilitosha. Kabla ya chakula cha mchana cheti kilifika: *Longino si mzima.* Alikitia saini na kuidhinisha bima yake kwa kalamu ya kijani. Kisha aligeuza kiti ili ajipe viza.

"Shefu, ngoja," alisema Theodosia. "Waraka namba mbili."

"Ile ya mlezi? Theodosia, mi niko na wajukuu!"

"Maana ya kwanza, shefu."

Bwana Longino aliangalia muhuri wa daktari, kisha kamusi, kisha muhuri tena. "Bon," alisema. "Ninafuta waraka namba mbili. Lete kalamu."

Theodosia aliisogeza kalamu ya kijani mbali kidogo, kwa heshima zote. "Asiye mzima hawezi kutia saini, shefu. Mtoto anatiliwa saini na mlezi."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Alikuwa ameandika waraka huo kwa mashine yeye mwenyewe, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba una mlango wa nyuma.

Walimtafuta mlezi. Josefina alikuwa mzima, mwenye nguvu za kumbeba mumewe mgongoni, lakini hakuwa na cheti, na yule rafiki daktari alikuwa ameshaondoka kwenda kwenye mkutano wa Ngozi. Theodosia hakuwa nacho. Katika Gitega yote hakukuwa na mtu mwenye karatasi ya daktari, kwa Kiswahili, inayosema ni mzima. Aliyewahi kuja na karatasi ya aina hiyo alikuwa mmoja tu, na hakurudi nayo.

"Kuna moja," alisema Theodosia. "Iko chini ya kamusi."

Ndivyo Jeska alivyoitwa kutoka kwenye benchi. Alipewa kiti. Alipewa bima ya watu wazima, viza ya mlezi, na cheti chake cha kwanza, ambacho ndicho karatasi ya kwanza kutoka katika ofisi ile tangu ifunguliwe. Theodosia alimpa na kalamu ya kijani.

"Nisaini wapi, mama?"

"Hapo. Kwenye jina la mtoto."

Walifika mpaka wa Kobero Jumamosi. Jeska aliujua mpaka huo. Aliwahi kuuvuka kwa miguu, upande wa kuja, akiwa amebeba sufuria kichwani. Bwana Longino alikuwa amevaa tai ya sikukuu. Njia nzima kutoka Muyinga alikuwa akijiambia kwamba huko mbele watu wana elimu na wataona mara moja kwamba yeye ni mtu mkubwa.

Ofisa wa Tanzania aliyekuwa dirishani aliitwa Radjabu, na alikuwa anakunywa chai.

"Karibu, dada. Mzima?"

"Mzima, kaka. Za kazi?"

"Nzuri. Unaelekea wapi?"

"Kahama. Nasomea ukunga. Barua ya chuo ni hii, na bima hii."

"Ukunga, safi sana. Kibali cha masomo chuo watakumalizia hukohuko, we wahi Jumatatu." Muhuri ukashuka, pah! "Na huyu?"

Jeska aliona haya. "Huyu ni... nimekabidhiwa, kaka."

Radjabu alipokea karatasi. Alisoma: mlezi, mzima, mtoto, si mzima. Aliitazama mihuri, aliitazama tai, alizitazama mvi. Naye pia alikuwa mtumishi wa serikali, kwa hiyo uso wake haukubadilika.

"Mtoto, hujambo? Mbona humwamkii mlezi wako?"

Nyuma yao foleni ilikuwa imeanza kusogea karibu ili isikie. Bwana Longino alinyoosha tai yake.

"Shikamoo," alisema, kwa sauti ndogo sana.

Jeska alikuwa na haki ya kucheka, na haki hiyo hakuitumia. "Marahaba, mwanangu," alijibu taratibu.

Hivyo ndivyo mkuu wa Kiswahili alivyopata jibu ambalo ofisi haikuwa nalo tangu siku ya tangazo.

"Haya," alisema Radjabu. "Na wewe, mzima?"

Bwana Longino alifungua mdomo. Angesema ndiyo, karatasi yenye muhuri wa ofisi yake ingekuwa ya uongo, na maisha yake yote hakuwahi kuupinga muhuri.

"Si mzima," alisema.

"Pole. Asiye mzima anasubiri daktari kwenye benchi lile. Daktari wetu amekwenda mkutanoni, atarudi wiki ijayo."

"Mi si mgonjwa! Hiyo ni maana ya pili!"

"Huku, mtoto," alisema Radjabu, akirudia chai yake, "maana zote zinafanya kazi."

Jeska alimsindikiza mpaka benchini. Akafungua mfuko, akagawa viazi vitamu, na vile vikubwa akamwachia yeye. Akamwekea na chupa ya maji.

"Vumilia, mwanangu," alisema. "Ni utaratibu tu."

Hakusema kwa kumsuta. Bwana Longino alimchunguza usoni akitafuta kejeli ili akasirike, akakosa. Kisha Jeska aliinua mfuko wake, akavuka kizuizi, na kuanza kushuka barabara ya Ngara, bila kugeuka, kama mtu anayesukuma kitu kizito na sasa anajua anakipeleka wapi.

Bwana Longino alizipitia karatasi zake moja moja. Hakuna kosa. Kila muhuri ulikuwa mahali pake.

Mwanamke mmoja mwenye kikapu cha ndizi alikuja akaketi kando yake, akamwangalia na tai yake na kiazi mkononi.

"Na wewe, mzee wangu, unangoja nini hapa?"

Bwana Longino alifikiri sana. Alitaka jibu lililo sahihi kisheria.

"Kukua," alisema.