Popo wa Chumba Namba Nne

Jumatatu, 4 Machi
Nimechoka kabla sijaanza. Shangazi amenikabidhi hoteli yake ya urithi niipambe upya ndani: vyumba kumi na viwili, ngazi za mbao zinazolia usiku kucha, makabati meusi ya tangu enzi za babu. Nina wiki moja. Nikishindwa, kazi inakwenda kwa fundi seremala. Seremala! Mtu anayepima ubao mara tatu ndipo aukate! Mpango wangu: kila kitu kiwe cheupe, vya zamani vyote nje. Fundi aliutazama mchoro wangu wa ukumbi, akauliza mlango uko wapi. Nilisahau mlango. Nikaukunja mchoro.

Jumanne, 5 Machi
Chumba namba nne ndicho chenye roshani. Lazima kiwe cha mfano. Tatizo: humo anaishi Mwalimu mstaafu, mama mmoja mkavu, mwaka wa kumi na moja sasa, yeye na kabati lake. Nimembembeleza ahamie namba tisa. Akasema, "Mwanangu, humu nitatoka nimebebwa." Nikampa maua. Akayapokea, akafunga mlango.

Jumatano, 6 Machi
Wazo! Nimemnong'oneza mpishi kwamba darini, juu ya namba nne, kuna popo. Mamia. Nikamsihi asimwambie mtu, kwa hiyo kufikia adhuhuri hoteli nzima ilikuwa na habari. Sasa nasubiri Mwalimu afungashe.

Alhamisi, 7 Machi
Wamefungasha wageni wote isipokuwa Mwalimu. Bwana wa namba mbili aliteremka na mswaki mdomoni. Kumbe Mwalimu amefundisha biolojia miaka thelathini. Anawapenda popo! Akaomba tochi, apande akawaone. Fundi akamshikia ngazi. Mimi nilishika kichwa.

Ijumaa, 8 Machi
Hakuna popo hata mmoja. Kuna viti kumi na sita vya kuchonga, kioo kirefu kuliko mimi, na taa za shaba. Babu alivihifadhi huko, akafa bila kusema. Shangazi alikipangusa kioo kwa upindo wa kanga yake, akalia. Alisema ukumbi ulikuwa hivyo alipokuwa mtoto. Kisha akafuta machozi, akamuuliza mpishi habari ya popo aliipata wapi. Mpishi alininyooshea kidole kabla swali halijaisha. Shangazi hakufoka. Heri angefoka. Alisema tu, "Kaka yangu naye alikuwa hivi hivi," akamkabidhi fundi funguo.

Jumapili, 10 Machi
Fundi na Mwalimu wameupanga ukumbi. Ni mzuri. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Wageni watatu wamerudi, na Shangazi anatembea kama bibi harusi. Mimi nimepewa stoo niipake chokaa. Mgongo wote unauma.

Jioni daktari wa zahanati ya jirani aliingia kunywa chai. Aligeuza shingo huku na huko, akauliza kazi safi namna hii ni ya nani. Nikaangalia mlangoni. Fundi alishaondoka.

Kesho saa mbili asubuhi naanza zahanati. Mabenchi yao ya kusubiria ni aibu tupu, yote yatolewe. Daktari amekubali. Ila nasikia muuguzi mkuu hataki yaguswe kamwe.

Nimelala chali nikafikiri. Nimepata. Nyoka.